Daktari, kijibwa wangu ni Mchina au Mzungu?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Pasiansi, hapa hapa Mwanza. Miezi miwili iliyopita nimenunua kijibwa jike wa mbegu inayoitwa Pekinizi, kwa kijana aliyemleta kutoka Nairobi. Uso bapa, manyoya mengi, miguu mifupi, akitembea anayumba kama bata. Yule kijana aliniapia kwamba huyu ni mbwa wa kifalme wa China, uzao wa miaka elfu nne, na zamani ukimwiba unakatwa kichwa. Shemeji yangu ananicheka, anasema hao wametengenezwa na Wazungu juzi tu, Mchina kasingiziwa. Nani mkweli? Na walifanyaje mpaka mbwa akawa hivi? Nimempa jina Simba, mtaa mzima unacheka. Baadaye nataka kumtafutia dume azae, niuze watoto.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hilo jina la Simba waache wacheke, maana katika yote uliyoniandikia ndilo lililokaa sawa kuliko mengine. Nitafika huko. Kwenye ubishi wenu, kijana kaongeza chumvi na shemeji kamwaga mchuzi wote. Mbwa wako asili yake ni China, hilo halina mjadala. Ila ule uso uliobonyea kama sahani, na lile koti la manyoya linalofagia sakafu, ni kazi iliyofanyika Uingereza, tena ndani ya miaka mia na kitu tu.

Nianzie nyumbani. Mwezi Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alisimama juu ya kilima upande wetu huu wa Mwanza, akaona maji yasiyo na ng'ambo. Watu wa hapa walikuwa wakiyaita Nyanza tangu enzi za mababu. Yeye akayabandika jina la malkia wake, Victoria. Haikupita miaka mitatu, malkia huyohuyo akapelekewa zawadi nyingine ya mbali, kijibwa kutoka Beijing. Ziwa na mbwa vyote viwili vilikuwa na wenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalikuwa China kwenye vita ya pili ya kasumba, yaani afyuni, wakiilazimisha nchi ile ifungue milango yake kwa biashara zao. Walipokaribia Beijing, mfalme Xianfeng alikuwa ameshakimbilia Rehe, nje ya Ukuta Mkuu. Kasri lake la bustani, Yuanmingyuan, likabaki na matowashi na watumishi wachache. Askari wakaingia mwanzoni mwa Oktoba, wakabeba walichoweza: hariri, kauri, saa, dhahabu. Tarehe 18 Oktoba, Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, akaamuru kasri lichomwe moto kulipiza kisasi cha mateka waliofia mikononi mwa Wachina.

Katika vurugu hiyo wakaokotwa vijibwa watano. Lord John Hay wa jeshi la majini alichukua wawili. Sir George Fitzroy akachukua wawili, ambao waliishia kwa ukoo wa Richmond, kwenye jumba lao la Goodwood. Wa tano alichukuliwa na kapteni John Hart Dunne. Aliandika mwenyewe kwamba alimkuta ndani ya kasri tarehe 6 Oktoba, na kwamba alidhaniwa kuwa wa malkia wa China au wa mmoja wa mabibi wa nyumba ya mfalme. Aprili 1861 akamkabidhi kwa Victoria, akieleza kwamba ni mbwa aliyezoea kudekezwa.

Wakampa jina Looty. Jina hilo linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya ngawira, mali iliyoporwa vitani, na neno lenyewe Waingereza walilichukua kwa Wahindi. Yaani hata la kuitia mali ya wizi waliliazima. Hawakuona haya kabisa.

Sasa shika simu yako utafute picha ya Looty, ile iliyopigwa mwaka 1865, au mchoro aliochorwa na Friedrich Wilhelm Keyl mwaka 1861. Keyl aliagizwa aweke kitu karibu na mbwa ili watu waone alivyo mdogo ajabu. Iweke picha pembeni ya Simba wako, uangalie taratibu. Looty ana mdomo. Pua imetokeza mbele ya macho, si kubwa, lakini ipo, ukitaka kuishika unaishika. Manyoya ni ya wastani. Halafu mgeukie wako. Laza kidole gumba katikati ya macho yake kuelekea ncha ya pua. Kama ni Pekinizi wa siku hizi, kidole kitafunika macho na pua kwa pamoja, maana vyote vimepangwa kwenye mstari mmoja. Hapo shemeji yako anapata pointi yake. Looty alikufa Windsor mwaka 1872, na sidhani kama leo angeshinda hata nafasi ya tatu kwenye mashindano ya mbwa wa aina yake.

Lakini Wachina walimpata wapi, na kwa nini wakamtaka hivyo? Hapa ndipo jina la Simba linapoingia.

China haina simba wa porini. Sisi hapa ukishika barabara ya Musoma, kabla ya mchana hujafika mbali uko lango la Ndabaka la Serengeti, na simba ni mnyama unayeweza kumkuta kalala kivulini na matumbo yake. Kule alikuwa zawadi ya kifalme. Anapelekwa mmoja mmoja kutoka nchi za mbali, anafungiwa kwenye bustani ya mfalme, mwananchi wa kawaida anakufa hajamwona. Hata pwani yetu ya Afrika Mashariki ilichangia: jiwe la maandishi lililosimamishwa na Zheng He, amiri wa meli za China, mwaka 1431 linataja kwamba Mogadishu ilipeleka punda milia na simba. Ila simba wa sanamu aliwatangulia kwa karne nyingi. Aliingia na dini ya Buddha kutoka India, akiwa mlinzi wa dini, na hata mtakatifu wao Manjusri huchorwa akiwa amempanda. Sasa fundi kaambiwa chonga simba, na simba mwenyewe hajawahi kumtia machoni. Akachonga kadiri alivyosimuliwa: kichwa kikubwa, kifua kipana, macho ya kutoka, pua fupi, na shingoni nywele za kipilipili.

Unawajua hao. Ni wale simba wa saruji watu wanaowaweka juu ya nguzo za mageti. Siku ukipita tazama miguuni mwao, kama fundi kafuata mtindo wenyewe wa Kichina. Aliyekanyaga mpira ni dume, aliyekanyaga mtoto ni jike. Kisha inua macho utazame uso, urudi nyumbani utazame uso wa kijibwa wako. Huyo ndiye aliyefananishwa naye. Alizalishwa afanane na sanamu ya simba, na Wachina wenyewe wakamwita mbwa-simba. Kwa hiyo wanaokucheka mtaani wamechelewa.

Wana na hadithi yake. Simba alimpenda tumbili akataka kumwoa, ila miili haikulingana. Akaenda kumlilia Buddha ampunguze mwili lakini amwachie moyo wake wa simba. Akapunguzwa. Mtoto wao ndiye huyu. Mtu aliyewahi kumhudumia Pekinizi mezani, akamtazama anavyokataa kushikwa kucha huku ana kilo nne tu, haoni shida kuiamini.

Zaidi ya hadithi kuna kumbukumbu za maandishi, na hizi ndizo ninazozipenda. Vitabu vya historia vya enzi ya Tang vinaeleza kwamba mwaka 624 mfalme wa Gaochang, mji wa njia ya misafara huko magharibi ya China, alimpelekea mfalme wa Tang vijibwa wawili, dume na jike. Kimo chao inchi sita za Kichina, urefu futi moja na kitu. Walikuwa na akili: wanamwongoza farasi kwa kushika hatamu mdomoni, na wanabeba mshumaa uliowashwa. Na ikaandikwa kwamba asili yao ni Fulin. Unajua Fulin ni wapi? Ni Rumi, ile dola ya Mashariki iliyokuwa na makao yake Konstantinopoli. Maana yake vijibwa wa kubebwa walikuwa wanaingia China wakitokea kwa Wazungu miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Dunne kumbeba mmoja kumrudisha upande huohuo. Siwezi kusema Simba wako ni mjukuu wa wale wawili. Kinachoonekana ni kwamba China haikuwa chungu kilichofunikwa, mbwa waliingia na kutoka pamoja na hariri na farasi.

Yupo mwingine wa enzi hiyohiyo. Mfalme Xuanzong, aliyetawala kuanzia 712 hadi 756, alikuwa anacheza mchezo wa kete na mwana wa mfalme mmoja, kipenzi chake Yang Guifei akiwa kasimama pembeni na kijibwa aliyeletwa kutoka Samarkand, mji wa Asia ya Kati. Bibi akaona mfalme anaelekea kufungwa. Akamwachia mbwa. Mbwa akaruka juu ya ubao, kete zikatawanyika, mchezo ukafa, mfalme akafurahi sana. Wewe nenda kijiwe chochote cha drafti pale mjini, ubao umejaa vizibo vya soda, mzee kabakiwa na kete mbili na watu wamemzunguka, halafu mbwa apite juu yake. Kwa mfalme mbwa alibembelezwa. Kijiweni sijui kama angefika jioni.

Kwa hiyo mbwa mdogo wa kukaa na mabibi wa kasri ni jambo la kale China, kwa maandishi, tangu karne ya saba. Hiyo ni miaka 1,400. Kijana wako alisema elfu nne, na najua wanachokishika kama ushahidi. Mwaka 2004 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa aina 85. Kundi dogo likaonekana liko karibu zaidi na mbwa mwitu kuliko wengine, na ndani yake alikuwemo Pekinizi, pamoja na Basenji, mbwa asiyebweka wa msitu wa Kongo, jirani zetu hapo. Watu wakasoma kichwa cha habari wakaondoka na "mbwa wa kale". Uchunguzi ulichoonyesha ni kwamba tawi lao lilijitenga na lile ambalo mbwa wengi wa Ulaya wamechanganyikana humo. Tawi kuwa la zamani si sawa na sura kuwa ya zamani. Mtu anaweza kuwa wa ukoo wa kale sana na bado akanyoa panki.

Wauzaji wanapenda pia kumtaja mfalme Ling wa enzi ya Han, aliyetawala kati ya 168 na 189, kwa sababu vitabu vinasema aliwavisha mbwa kofia za maofisa wa serikali. Kweli alifanya hivyo. Ila walioandika walikuwa wanamsema mfalme kwa upuuzi wake, wakiwalinganisha maofisa wake na mbwa. Ile ilikuwa kejeli ya siasa, na muuza mbwa kaifanya cheti cha uzao.

Na kukatwa kichwa? Hilo ni tangazo la biashara kuliko historia. Enzi ya Qing, kuanzia 1644 hadi 1912, kweli matowashi walifuga vijibwa kasrini kwa uangalizi mkubwa, na watawala wale waliofuata Ubudha wa Tibet walimthamini mbwa-simba kwa sababu za imani pia. Wengine walikuwa wadogo kiasi cha kutiwa kwenye mikono mipana ya makanzu ya hariri, ndiyo maana hadi leo Pekinizi mdogo sana huitwa mbwa wa mkono wa nguo. Lakini hawakuwa siri ya kasri. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukifika soko la hekalu la Longfu, hapo Beijing, vijibwa wa namna hii waliuzwa kama kuku. Kitu kinachokatisha watu vichwa hakiwekwi gulioni.

Uliuliza walifanyaje. Kuna masimulizi kwamba matowashi waliwanywesha pombe watoto wa mbwa, wakawanyima chakula, wakawafungia kwenye vizimba vidogo wasikue. Huenda wapo waliojaribu, binadamu hakosi ujinga, lakini hilo halitengenezi mbegu. Mbwa unayemdumaza kwa njaa atazaa watoto wa kimo cha kawaida. Mkate mkia leo, wanawe watazaliwa na mikia yao kamili. Kinachofanya kazi ni kile bibi yako alichokifanya na mahindi, pale alipochagua gunzi zuri akalitundika juu ya moshi wa jiko liwe la kupanda, na mengine yakasagwa. Ukifanya hivyo kwa mbwa, kizazi baada ya kizazi, unafika mbali.

Na malighafi ilikuwepo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba miguu mifupi ya Pekinizi na ya jamii nyingine nyingi za mbwa inatokana na nakala ya ziada ya jeni moja, FGF4, iliyojipachika mahali pasipo pake zamani sana, kisha ikarithiwa. Ni mguu wa mbwa ambaye mifupa yake iliacha kurefuka mapema. Mwaka 2022 wengine wakaikuta ile tofauti ya jeni ya IGF1 inayochangia udogo wa mwili ndani ya mabaki ya mbwa mwitu wa Siberia wa miaka 54,000 hivi iliyopita. Udogo ulikuwa umelala ndani ya mbwa mwitu mwenyewe kabla binadamu hajafuga hata mbwa mmoja. Matowashi waliuokota, hawakuuunda.

Turudi Uingereza, kwa sababu ndiko sura iliyoko sebuleni kwako ilikotengenezwa.

Wale watano wa 1860 hawakutosha. Ukoo wa Goodwood ulizalisha kimya kimya kwa miaka thelathini. Mwaka 1894 Pekinizi wa kwanza, Pekin Peter, akaonyeshwa kwenye mashindano ya Chester. Mwaka 1896 wakaingia wawili muhimu kuliko wote, Ah Cum na Mimosa, walioletwa na familia ya Douglas Murray. Inasimuliwa walisafirishwa wamefichwa kwenye nyasi kavu, ndani ya kreti ya kulungu wa Japani. Pekinizi wengi wa leo duniani wana damu ya Ah Cum. Alipokufa mwaka 1905 ngozi yake ikajazwa, naye yupo hadi leo amesimama ndani ya kabati la kioo kwenye jumba la makumbusho la Tring, nje ya London. Huyo ndiye shahidi wangu mkuu. Ah Cum alitoka China mwenyewe, si mjukuu wa aliyetoka, na tazama picha zake: miguu inaonekana, mdomo unaonekana, manyoya ni ya mbwa anayeweza kupita kwenye majani akatoka msafi. Ukimweka karibu na bingwa wa leo utadhani ni aina mbili tofauti.

Baada ya 1900 mambo yakaenda kasi. Majeshi ya kigeni yaliingia tena Beijing kuzima uasi wa Mabondia, Wachina waliopinga wageni, Cixi, mama wa kifalme aliyeshika madaraka, akakimbilia Xi'an, na vijibwa wengine wakatoka. Cixi aliporudi naye akawa anawagawa kwa wageni. Mwaka 1905 Alice Roosevelt, binti wa rais wa Marekani, aliondoka Beijing na mmoja mweusi. Mwaka 1906 Wamarekani wakamwandikisha rasmi kwenye chama chao cha mbwa. Uingereza waligombana juu ya uzito hadi mwaka 1908 wengine wakajitenga wakaunda chama chao, wakidai mbwa halisi wa kasri hazidi ratili kumi. Mwaka 1912 tajiri Henry Harper alinusurika Titanic akiwa kwenye boti na Pekinizi wake, jina lake Sun Yat-sen. Mwaka huohuo Sun Yat-sen mwenyewe, yule mtu, alikuwa ndiye rais wa muda wa China na ufalme wa Qing umeanguka. Mbwa wa mfalme kapewa jina la aliyemng'oa mfalme, sijui kama Harper alilicheka hilo.

Sasa fikiria mashindano. Jaji ana mbwa ishirini mbele yake na kitabu kinachosema uso uwe bapa. Atampa nani kikombe? Mwenye uso bapa kuliko wenzake. Mwakani kila mfugaji anampandisha jike wake kwa bingwa yule. Mwaka wa tatu bingwa wa jana anaonekana ana pua ndefu. Hakuna aliyekusudia ubaya, kila mmoja kasogea nusu sentimita tu. Baada ya miaka themanini pua imeingia ndani, macho yanasimama nje ya mfupa, na nyama laini ya kooni imebaki na urefu uleule kwenye nafasi iliyofupishwa, inaziba njia ya hewa. Ndiyo yale makoromo unayoyasikia usiku na kuyaona ya kuchekesha. Mwaka 2003 Pekinizi alishinda mashindano makubwa ya Crufts huko Birmingham, na baadaye watu wakaoneshwa kwenye filamu ya BBC ya mwaka 2008 kwamba wakati wa kupigwa picha za ushindi alikuwa kaketi juu ya pakiti ya barafu asizidiwe na joto. Birmingham, mwezi Machi! Kelele zikawa nyingi, na chama cha Uingereza kikabadilisha maelezo ya uzao, kikataka mdomo uonekane. Walikuwa wanarudi polepole kwa Looty.

China yenyewe ilipita kipindi ambacho kufuga mbwa mjini kulionekana anasa ya kibwanyenye, na vijibwa wakakaribia kusahaulika mitaani. Wamerudi. Beijing iliweka sheria kwamba katikati ya jiji mbwa asizidi kimo cha sentimita 35, na Pekinizi, ambaye hata 25 hafiki, akajikuta raia mwema bila kujitahidi.

Haya, Simba. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa mchana wa Oktoba nje ya kliniki. Gari limesimama, dereva kaingia benki "dakika tano", ndani kuna Pekinizi mweupe. Vioo vilikuwa vimeachwa wazi kidogo. Nilipomtoa ulimi ulikuwa na rangi ya zambarau, mate yamekuwa mazito kama uji wa muhogo, anavuta hewa kwa tumbo. Tulimlowesha maji ya bomba, tukamwekea feni, akapona. Wa kienyeji, yule mbwa koko anayelala chini ya meza za samaki Kirumba, angehema tu akanywa maji yakaisha. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na huyu wako kanyang'anywa nusu ya chombo cha kuhemea ili afanane na sanamu. Kwa mji wetu wa mawe hilo ni kubwa. Jaribu saa nane mchana kuweka kiganja juu ya jiwe, kisha kumbuka tumbo lake liko umbali gani kutoka ardhini. Basi matembezi yawe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya jua kuzama, na manyoya ya tumboni mkate, hakuna jaji atakayemwona Pasiansi.

Kuhusu kumtafutia dume, subiri kwanza. Uchunguzi uliofanyika Uingereza, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta asilimia 43.8 ya uzazi wa Pekinizi ulifanyika kwa upasuaji. Kichwa cha mtoto ni kikubwa, nyonga ya mama ni nyembamba. Upasuaji wa mbwa anayekoroma akiwa macho, ukishampa usingizi, si kazi ya kufanyia sebuleni, na gharama yake inaweza kumeza bei ya watoto wawili. Kama lazima azae, dume tumchague pamoja, mwenye mdomo wa kushikika na pua zilizofunguka, hata kama wauzaji watasema hana sura ya kifalme. Ah Cum alikuwa na mdomo kama huo, na katoka Beijing.

Mlete nimwone macho na koo. Njoo saa moja asubuhi, kabla jua halijachemsha mawe, na huo mkanda wa shingoni uutoe, umvalishe wa kifuani.